Vikombe Vyekundu vya Shamso

Asubuhi lori lilipoleta mitungi ya dawa ya maua kwa mara ya kwanza, Roseline Nabiswa alikuwa akigombana na mtu. Hilo halikuwa jambo geni. Alikuwa ameketi kwenye banda la kuchambulia, nyuma ya kiwanda cha plastiki huko Industrial Area, juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mbele yake alisimama mwanamke mwokota plastiki wa Dandora mwenye gunia begani.

“Mabomba sitaki,” Nabiswa alimwambia. “Nilikwambia jana, nakwambia leo. Mabomba na viatu vya plastiki vya sandak ni ukoo mmoja. Vikiingia kwenye mashine pamoja na hivi vingine vinaungua kabla havijayeyuka, na moshi wake unatutoa machozi mpaka jioni.”

“Sasa niyarudishe Dandora?”

“Yarudishe hata kwenu kijijini.”

Mwanamke yule aliyamwaga mabomba pale pale, akasonya, akaenda zake. Nabiswa akayasukuma kando kwa mguu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kutenganisha. Plastiki iliyovunjika ya mji mzima ilipita mikononi mwa wanawake wa banda lile, na kila aina ilikuwa na tabia yake. Mitungi ya maji na chupa za sabuni zilikuwa na utelezi kama wa nta, ukizikwaruza kwa ukucha zinabaki na alama. Beseni na viti vilikuwa vigumu zaidi. Vikopo vya maziwa ya mtindi na kalamu za biro vilivunjika kwa mlio mkali kama kuni kavu. Karatasi za sokoni, mifuko ile myembamba inayopeperuka na kunasa kwenye nyaya, hazikutakiwa kabisa kwa kuwa zilijiviringa kwenye visu vya mashine ya kusaga. Mambo haya hayakuwa siri ya mtu mmoja. Ukikaa bandani mwezi, umeyajua.

Na wote walijua desturi ya kiwanda. Plastiki mpya, iliyokuja kwa magunia kutoka Mombasa ikiwa punje nyeupe kama mchele, ndiyo iliyotengeneza vikombe, sahani na majagi. Ya kuokota iligeuzwa ndoo nyeusi za mafundi wa mjengo, vyungu vya kupandia maua na henga za kutundikia nguo. Hata mwenye kiwanda, ambaye hakupenda kutumia kipya mahali palipotosha kikuukuu, alikuwa hajaivunja desturi hiyo.

Lile lori lilitoka Naivasha. Lilikuwa limejaa mitungi myeupe yenye picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili, mitungi ya dawa wanayonyunyizia waridi kwenye mashamba makubwa. Vijana walipoanza kuishusha, harufu ikaingia bandani kabla ya mitungi yenyewe. Ilikuwa harufu tamu kidogo, ya kukaba koo. Kwenye mingine dawa ilikuwa bado inachuruzika.

Wathome, msimamizi wa zamu, alikuja akiwa ameshika kitambaa puani.

“Ioshwe mara moja, isagwe,” alisema. “Halafu ipelekwe kwenye mashine ya vikombe.”

Wanawake wakatazamana.

“Ya ndoo, unamaanisha,” Nabiswa alisema.

“Nimesema vikombe. Punje zimekwama bandarini na Shamso wa Eastleigh anataka vikombe vyake. Tutatia rangi nyekundu nyingi. Nani ataona?”

“Wathome, hii ni sumu. Tazama picha.”

“Kwani wewe ni mkemia wa serikali?”

“Vikombe vya Shamso vinanunuliwa na shule za chekechea. Wewe mwenyewe ulituambia. Watoto watiliwe uji wa moto humu?”

Wathome aliondoa kitambaa puani ili asikike vizuri. Alikuwa mtu wa Machakos, mrefu, mwenye sauti nyembamba, na alipokasirika sauti ilizidi kuwa nyembamba. “Nabiswa, nje ya geti kuna wanawake wamekaa tangu alfajiri wakiomba hiyo ndoo unayokalia. Ukichoka, inuka.”

Hakuinuka. Mitungi ikaoshwa, ikasagwa. Jioni wasagaji walikuwa wakishikwa na kichwa, na mmoja alitapika ukutani, lakini vikombe vilianza kutoka kwenye mashine vikiwa vyekundu, vizuri, vyenye mkono wa kushikia ulioviringana. Ukivinusa vikiwa vimepoa, husikii kitu. Ukivitia maji ya moto, ile harufu inapanda.

Nabiswa aliishi Maringo, katika nyumba ya chumba kimoja ya kanjo, ya baraza la jiji, pamoja na Ayuma, dada ya mume wake. Mumewe, Okumu, alikuwa dereva wa malori ya kwenda Kampala na alionekana nyumbani akipenda Mungu na forodha ya Malaba. Watoto wao walikuwa Bungoma kwa nyanya yao. Ayuma alikuwa na binti mdogo, Lenah, ambaye baba yake alikuwa ametoweka kabla hajazaliwa, naye Ayuma alikuwa kibarua kwenye kiwanda kile kile, upande wa kufunga mizigo. Nabiswa ndiye aliyemwombea kazi.

Usiku ule walikula ugali. Kisha Ayuma akasema, “Wifi, nimesikia umebishana tena na Wathome.”

“Wewe unavifunga hivyo vikombe. Huvinusi?”

“Navinusa.”

“Na huyu Lenah ungemtilia chai humo?”

“Lenah hana haja ya kikombe hicho. Lenah ana haja ya chai yenyewe.” Ayuma alianza kukusanya sahani kwa nguvu. “Usituletee maneno. Mtaa huu nusu yake wanakula kwa kiwanda hicho. Ukitaka kupigana na Wathome, pigana naye peke yako.”

Nabiswa alimpangusa Lenah mdomo. Alikuwa amekwisha kuamua, na alijua akilisema jambo hilo kwa sauti ndani ya chumba kile, litazuiwa.

Jumapili baada ya kanisa alimwambia Ayuma anakwenda kumsalimia mgonjwa. Alishuka kwa miguu akavuka barabara ya Jogoo, akapitia Shauri Moyo na Pumwani hadi Eastleigh, kikombe kimoja chekundu kikiwa ndani ya mkoba, kimefungwa kwa leso. Duka la Shamso lilikuwa ghorofa ya chini, limejaa vyombo hadi dari: thamosi, mabakuli, ndoo za vifuniko, mikeka ya plastiki iliyosimamishwa kama watu kwenye foleni. Shamso mwenyewe alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, ameketi karibu na mlango akichunga kila mkono ulioingia.

“Unataka nini?” aliuliza.

“Nafanya kazi kule unakonunua vikombe vyekundu, mama. Nimekuja kukwambia usiviuze.”

Shamso alimtazama toka kitambaa cha kichwani hadi viatu. “Nani amekutuma? Wale wa River Road? Wanataka oda yangu?”

“Hakuna aliyenituma. Vimetengenezwa kwa mitungi ya dawa ya mashamba. Sumu.”

“Mnafukuzwa kazi, halafu mnakuja kuharibu biashara za watu.”

“Sijafukuzwa. Kesho naingia zamu.” Nabiswa alitoa kikombe kwenye mkoba, akakiweka juu ya meza. “Una chai hapo. Mimina, unuse mwenyewe.”

Shamso hakutaka, lakini wateja wawili walikuwa wamesimama kusikiliza. Alichukua thamosi yake, akamimina chai ya maziwa yenye moto mkali ndani ya kikombe chekundu. Akangoja. Akakiinua hadi puani, akakirudisha mezani haraka hivi kwamba chai ikamwagika. Uso wake ulibadilika, lakini hakumshukuru Nabiswa. Alimkasirikia.

“Vingine nimeshapeleka dukani kwa ndugu yangu Garissa,” alisema. “Unakuja leo? Ulikuwa wapi wiki yote?”

“Nilikuwa kazini.”

“Toka. Toka dukani kwangu, kabla sijakufanyia kitu. Wezi nyote, wewe na bosi wako.”

Nabiswa alirudi kwa njia ile ile, miguu ikimuuma, bila hata ya kupewa maji.

Jumanne, lori la Shamso lilifika kwenye geti la kiwanda. Waliokuwa ndani yake hawakuomba kufunguliwa. Walishusha ubavu wa nyuma wakavimwaga vikombe barabarani, maelfu, vikabingirika hadi mtaroni, na dereva akapaza sauti akitaja sumu na mahakama ya Makadara. Watu wa viwanda vya jirani walitoka kutazama. Mwenye kiwanda alikuja, akatazama, akarudi ofisini. Kufikia saa sita mashine za vikombe zilikuwa zimezimwa, na vibarua wote wa upande ule, wafungaji, wasagaji na wachambuzi, waliambiwa waende nyumbani mpaka watakapoitwa.

Hawakwenda. Walibaki wamesimama getini kwenye jua. Wathome alipanda juu ya gunia la plastiki ya kuokota ili aonekane.

“Msinilaumu mimi,” alisema. “Ulizeni ni nani kati yenu aliyekwenda Eastleigh kupeleka maneno. Huyo ndiye amekula chakula cha watoto wenu.”

Kukawa na mngurumo. Mtu mmoja akasema, “Nani anaenda Eastleigh kila wiki? Si Nzivo?”

Nzivo alikuwa utingo wa gari la kupeleka mizigo, mtu mpole wa Kitui, mwenye mke na watoto Jericho. Alifungua mdomo kukana, lakini walikuwa wamekwisha kumkamata kola. “Si mimi, wallahi si mimi,” alisema, na mwanamume mmoja wa mashine ya kusaga akampiga ngumi ya mdomo. Damu ilishuka kwenye shati. Wengine wakasogea. Wanawake nao walikuwa wakipiga kelele, “Mpigeni! Amezoea!” Ayuma alikuwa miongoni mwao.

Nabiswa alisimama nyuma kabisa, karibu na ukuta. Angeweza kuondoka. Hata ule mkoba alikuwa ameubeba tayari. Aliona mkono ukiinuliwa tena, ukiwa na kipande cha bomba, bila shaka kimojawapo cha yale aliyoyakataa bandani, kwani yalikuwa yametupwa pale nje.

“Si Nzivo!” alisema. Hakusikika. Akasukuma watu, akaingia katikati, akaushika ule mkono. “Mwachilieni. Si yeye. Ni mimi nilikwenda kwa Shamso.”

Wakageuka wote.

“Wewe?” Ayuma alisema.

“Mimi. Nilimpelekea kikombe nikamwambia anuse. Mlikuwa mnavinusa nyote. Wewe ulitapika ukutani, Luseno, nilikuona. Mlijua vinakwenda wapi.”

Luseno, yule aliyeshika bomba, alilitupa chini. Nabiswa alidhani amekwisha kutulia. Kisha Luseno akamtemea mate kifuani.

“Mama, umetumaliza,” alisema. “Unajiona mtakatifu sana, eh? Sasa njoo ulishe watoto wangu.”

Hawakumpiga, labda kwa sababu alikuwa mwanamke na mkubwa kwa wengi wao. Walimfungulia njia, naye akapita katikati yao huku akiambiwa yote yanayoweza kuambiwa mtu. Msichana mmoja alichukua kikombe chekundu kutoka mtaroni akamrushia. Kilimpata mgongoni, wala hakikuumiza. Wakacheka, kisha wengine wakaanza kurusha pia, hadi alipofika kwenye kona.

Nyumbani Ayuma aliingia baada yake, akafunga mlango.

“Ulisema unakwenda kwa mgonjwa.”

“Ndiyo.”

“Ulikaa hapa ukala ugali nami, ukaniangalia usoni.”

“Ningekwambia, ungenizuia.”

“Ningekuzuia! Ningekushika miguu!” Lenah alianza kulia na Ayuma akamnyanyua bila kumtazama. “Wewe una mume anayeleta kitu. Mimi nina nani? Ungeniambia hata siku mbili mbele, nitafute pengine pa kujishikiza. Hukuona hata hilo. Uliwaona watoto wa chekechea za watu usiowajua. Huyu hukumwona.”

Nabiswa alitaka kusema kwamba alimwona, kwamba ni kwa kumtazama Lenah akinywa chai ndipo alipoona hawezi kunyamaza. Lakini akasikia jinsi maneno hayo yangesikika, akayameza.

Siku zilizofuata mtaa ulimwonyesha cha moto. Maji yalikuwa shida mwaka ule. Mfereji wa pamoja ulitoa maji asubuhi kwa saa chache, na watu walipanga mitungi foleni tangu gizani, kila mtungi ukimshikia mwenyewe nafasi. Wa Nabiswa ulikuwa wa manjano, umefungwa utepe mweusi penye mkono wa kushikia. Asubuhi ya kwanza aliukuta umetolewa kwenye foleni, umetupwa karibu na choo. Ya pili aliukuta umechanwa kwa wembe chini, mchano mrefu wa kunyooka. Aliupeleka kwa fundi aliyeuziba kwa kisu cha moto, akayeyusha plastiki na kuibana, na mtungi ukashika maji. Baada ya hapo hakuuacha peke yake, aliketi juu yake hadi zamu yake ifike, huku wanawake wakizungumza kana kwamba hayupo.

“Kuna watu wanapenda kunusanusa.”

“Si ndio kazi ya mbwa?”

Mara moja Nzivo alipita pale, mdomo ukiwa na mshono. Nabiswa alimsalimu. Nzivo alisimama, akamtazama bila chuki lakini bila urafiki.

“Ungesema mapema kidogo tu,” alisema, “nisingepasuliwa mdomo.” Akaendelea na safari yake.

Okumu alirudi mwisho wa mwezi. Habari alikuwa ameshazipata njiani, maana madereva hujua yote. Alikula kwanza. Kisha akanawa mikono polepole.

“Mimi nimebeba mizigo ambayo sikuuliza ndani yake mna nini,” alisema. “Miaka mingi. Ndivyo tulivyosomesha watoto.”

“Najua.”

“Sasa unataka niseme nini? Kwamba umefanya vizuri? Dada yangu hana kazi. Nikipita hapo nje, watu wananigeuzia uso.”

“Sikutaka useme kitu.”

“Basi sisemi.” Akalala akielekea ukutani, na kesho yake akaondoka kabla ya siku aliyokuwa amesema.

Kiwanda kilianza tena baada ya majuma machache. Punje zilikuwa zimefika. Vile vikombe vyekundu viliokotwa vyote mtaroni, vikasagwa, vikawa ndoo za mjengo. Mitungi ya Naivasha haikuletwa tena, au ililetwa ikapelekwa kwingine, hakuna aliyejua. Shamso alihamishia oda yake kwa watu wengine. Wathome alibaki kuwa Wathome. Aliita vibarua wake mmoja mmoja kwa majina, akasimama getini mwenyewe, na jina la Nabiswa halikuitwa. La Ayuma liliitwa.

Nabiswa alipata kazi ya kufua nguo za watu Buruburu. Mwenye nyumba moja alimtaka afue kwenye beseni uani na asiingie ndani, hata kunywa maji. Alikubali. Sabuni ilimla vidole, lakini kule hakuna aliyemjua.

Ayuma alihama siku ya Jumamosi. Alikuwa amepata chumba mtaa wa Pipeline akishirikiana na msichana mwingine wa upande wa kufunga mizigo. Mkokoteni ulisimama mlangoni, na mawifi wale wawili wakagawana vyombo bila kugombana, jambo lililokuwa baya kuliko kugombana. Thamosi ilikuwa ya Ayuma. Ndoo ya kifuniko ya Nabiswa. Beseni kubwa la bluu walilinunua pamoja wakati wanapatana, na Ayuma alilitazama kidogo, kisha akaliacha.

“Lichukue,” Nabiswa alisema. “Utahitaji la kumwogeshea mtoto.”

“Sitaki kitu chako.”

“Si changu. Ni letu.”

“Basi lichukue lote.” Ayuma alifunga godoro kwa kamba, akavuta fundo mara mbili. Alipoinua uso macho yalikuwa makavu. “Sisemi kwamba ulikosea, wifi. Watu wanafikiri nasema ulikosea. Vile vikombe hata mimi nisingeviweka nyumbani. Nasema ulinipita. Ulinipita mlangoni, ukaenda kumwambia mtu usiyemjua, na mimi ukaniacha nisikie getini pamoja na Luseno.”

“Ningefanya nini, Ayuma?”

“Sijui. Lakini si hivyo.”

“Utanisamehe lini?”

“Usiniulize hapa, mbele ya watu wa mkokoteni.”

Wanaume wawili walianza kusukuma. Majirani walikuwa wametoka milangoni, mikono imefungwa vifuani, wakitazama kama watu wanaongoja mvua. Lenah alikuwa ameketishwa juu ya godoro, na mkokoteni ulipogeuka kuelekea barabarani alimwona Nabiswa amesimama kizingitini. Akainua mkono kumpungia.

Ayuma, aliyekuwa akitembea kando ya gurudumu, akaushika ule mkono mdogo, akaushusha, akaendelea kuushikilia hadi walipopotea nyuma ya nyumba za mwisho.